UZI: Uingereza iliandika kwamba Chagos hakuna wenyeji. Kina mama wakajibu kwa ngoma

#1 Mjukuu wa Kilwa

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa wasanii na siasa kuna jamaa aliuliza: mtu kafukuzwa kwao, nyumba imevunjwa, halafu wewe unamletea ngoma na mashairi, vitamsaidia nini? Watu wakamcheka, na hakuna aliyemjibu. Mimi naona ndiye aliyeuliza la maana siku ile. Jibu lake lipo kwenye bahari yetu hii hii, ukitoka Kilwa ukanyoosha mashariki mpaka katikati ya Bahari ya Hindi. Nazungumzia visiwa vya Chagos.

Wengi mnalijua jina la Diego Garcia kwa sababu ya kambi ya jeshi la Marekani, ile ambayo ndege zake zilikwenda kupiga Iraki na Afghanistan. Kabla ya ndege palikuwa na watu. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliokuwa wakitawala Mauritius walianzisha mashamba ya minazi huko, wakapeleka watumwa, wengi wao wakiwa wametoka Msumbiji na Madagaska. Na sisi wa kusini tusijifanye hatuhusiki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Kifaransa huko Mauritius. Soko lilikuwa hilo hilo, merikebu hizo hizo.

Utumwa ukafutwa mwaka 1835, watu wakabaki. Waliangua nazi, wakafua, wakakausha mbata, wakavua samaki, wakajenga makanisa, wakazika wazee wao, wakawa na Kikrioli chao.

Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Mauritius, Waingereza waliimega Chagos, wakailipa Mauritius pauni milioni 3, kisha wakawakaribisha Wamarekani wajenge kambi Diego Garcia. Wamarekani walitaka mahali pasipo na watu. Kuanzia 1968, waliokwenda Mauritius kutibiwa au kusalimia ndugu walifika bandarini kupanda meli ya kurudi wakaambiwa hakuna kurudi, visiwa vimeuzwa. Waliobaki visiwani wakapunguziwa chakula, meli zikawa zinakuja kwa nadra. Mwaka 1971 wakamaliza kuwaondoa watu wa Diego Garcia. Mbwa wa wanakijiji walikusanywa kwenye banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari, na wenye mbwa wakaelewa ujumbe. Mwaka 1973 wa mwisho wakatolewa Peros Banhos, visiwa vingine vya Chagos. Jumla walikuwa kati ya 1,500 na 2,000, wakashushwa Mauritius na Ushelisheli. Wengi waliishia kwenye vibanda vya mabati pembezoni mwa Port Louis. Mauritius ni nchi ya miwa, na wao walikuwa mafundi wa nazi, kwa hiyo hata kazi hawakuwa nayo.

Bando linakata, narudi jioni na habari ya ngoma yenyewe.

#2 Kipanga255

Naweka kambi hapa. Hii ya mbwa imeniuma zaidi, sijui kwa nini.

#3 Bwana Shamba

Mkuu, umeandika vizuri ila kuna kitu hakikai sawa. Wewe mwenyewe umesema walipelekwa na Wafaransa. Sasa hao ni wenyeji vipi? Mwenyeji ni Mhadzabe pale Eyasi, ni Mbilikimo kule Kongo, watu waliokuwepo tangu hakuna anayekumbuka. Mtu aliyeletwa kwenye shamba la minazi ni mfanyakazi. Shamba likifungwa anaondoka.

#4 Mjukuu wa Kilwa

Bwana Shamba, hilo neno lako ndilo lililowafukuza, tena kwa maandishi.

Mwaka 1966 wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza walikuwa wakiandikiana kuhusu visiwa hivi. Mmoja wao, Paul Gore-Booth, aliandika kwamba shabaha ni kupata miamba itakayobaki kuwa yao, na kwamba hakutakuwa na wenyeji wowote isipokuwa shakwe, ambao bado hawajapata kamati ya kuwatetea. Ofisa mwenzake, Denis Greenhill, akaongezea hapo chini kuwa kwa bahati mbaya pamoja na hao ndege wamo akina Tarzan wachache. Hivi ndivyo wasomi walivyotaniana juu ya watu waliokuwa wanalala kwenye nyumba zao bila habari.

Na haukuwa utani mtupu. Kama visiwa vina wenyeji, Uingereza ilipaswa kutoa maelezo Umoja wa Mataifa kuhusu koloni lenye watu, na watu wa koloni wana haki ya kuamua mambo yao. Vikiwa na vibarua wa mkataba tu, hakuna wa kuulizwa. Basi wakaamua kwa kalamu kwamba wote ni vibarua. Kibarua gani wa mkataba amezikiwa bibi, na bibi wa bibi yake, kwenye makaburi ya hapo hapo shambani?

Sasa tuje kwenye ngoma. Hawa watu walitupwa Mauritius bila hati. Wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1982 Uingereza ilipotoa pauni milioni 4, watu walipewa fomu za Kiingereza cha kisheria waweke dole gumba. Walipewa hela ya kulipa madeni, na baadaye wakaja kuambiwa kuwa lile dole lilikuwa la kukana haki ya kurudi. Yaani kwenye karatasi walikuwa wameshindwa mara mbili, London walikoandikwa kuwa vibarua na Port Louis walikojikana wenyewe bila kujua.

Kilichobaki mikononi mwao ni sega, yaani nyimbo na ngoma zao za kucheza. Pale visiwani Jumamosi usiku walikuwa wanawasha moto, wanapasha ngoma. Ngoma yenyewe inaitwa tambour, ni ya duara, bapa, kubwa, mwone kama dufu lililonenepa. Mtu anaimba yaliyompata wiki ile, wengine wanaitikia, wanacheza nyayo zikiburura chini bila kuinuka. Kuna kinywaji chao cha kuchachusha, baka, na kuna seraz, chakula cha tui la nazi. Mtu wa pwani hapo hahitaji mkalimani.

Walipofika Mauritius nyimbo zikageuka. Zile za kuchekana na kutongozana zikapungua, zikaja za kutaja: Diego, Salomon, Peros Banhos, meli iliyowabeba, waliokufa. Mwimbaji mkubwa alikuwa Charlesia Alexis, mzaliwa wa Diego Garcia. Huyu mama hakuwa wa jukwaani tu. Yeye na Lisette Talate na Rita Bancoult ndio walioongoza kina mama wa Kichagosi kuandamana mbele ya ubalozi wa Uingereza, kugoma kula, kukamatwa na polisi. Alikuwa anaimba na kugoma kwa pumzi ile ile. Alexis na Talate walifariki mwaka 2012, mmoja baada ya mwingine, hawajarudishwa kwao.

Ninachosema ni hiki. Wimbo unaotaja kisiwa kwa jina, na aliyezaliwa pale, na meli na msimu, ule si burudani wala si kilio. Ni ushahidi uliowekwa mahali ambapo hakuna ofisa wa kuuchoma moto.

#5 mamaShani

Asante kwa uzi, kaka. Mie niko Unguja, nina la kuongeza na la kupinga.

La kuongeza, sega ya Chagos iliandikishwa UNESCO mwaka 2019, tena si kwenye orodha ya kawaida, ni ile ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wazee wanakwisha, vijana wanapenda miziki mingine. Hiyo si sifa jamani, ni kama kulazwa hospitali.

La kupinga, umeipamba mno hiyo sanaa. Sega hiyo hiyo, ya Mauritius kwa jumla, nenda hotelini. Utakuta sketi za maua, tabasamu, mtalii anavutwa mkono acheze. Hakuna anayesikia neno. Hapa kwetu tunawaona vijana wa Kimaasai wanaruka ufukweni Nungwi kwa ajili ya picha, na wanaopiga picha hawaulizi kule walikotoka kuna nini. Ngoma ikishatolewa shida yake inauzika sana. Kwa hiyo usiseme sanaa inatunza ushahidi. Sanaa inatunza ushahidi ikiwa mwenyewe ndiye anayeishika.

#6 Mjukuu wa Kilwa

mamaShani, hapo sikubishii hata kidogo. Naongeza tu kuwa kuna kipimo rahisi: nani anachagua wimbo wa usiku ule? Akichagua meneja wa hoteli, utasikia zile za furaha tu.

#7 Bwana Shamba

Mimi bado. Nakubali walionewa, sina roho ya jiwe. Ila tuambie matokeo. Miaka yote hiyo ya kuimba, mahakama gani ilikaa ikasema "jaji, leta spika tusikilize sega"? Mkono mtupu haulambwi.

#8 Mjukuu wa Kilwa

Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tarehe 3 Septemba 2018. Haikuwa sega, ilikuwa hadithi, lakini imetoka kwenye chungu kile kile.

Mauritius ilikuwa imeifikisha hoja kupitia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Wanasheria wakasema yao, vifungu na maazimio. Kisha ikawekwa video ya mama mmoja, Liseby Elysé, aliyezaliwa Peros Banhos. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mle ukumbini. Alizungumza Kikrioli, na haikufika hata dakika nne. Alisema kwao kila mtu alikuwa na kazi, na familia yake, na utamaduni wake. Alisema siku moja msimamizi aliwaambia waondoke. Ilikuwa tarehe 27 Aprili 1973. Walipandishwa meli usiku, gizani, wasikione kisiwa. Alikuwa ana mimba. Alieleza walivyosongamana mle melini kama wanyama. Mtoto wake alizaliwa Mauritius akafa.

Angalieni alivyosimulia. Hakusema "tunateseka sana tunaomba msaada". Alianza na maisha yalivyokuwa, ili ujue kilichovunjwa ni nini. Akaja na meli, giza, mimba. Halafu akasema anataka kurudi. Waliokulia kwa bibi wanaoelewa kusimulia wanajua mpangilio huo. Na wale mabwana wa London walioandika "hakuna wenyeji" walijibiwa na mwenyeji mwenyewe, miaka 52 baadaye.

Tarehe 25 Februari 2019 majaji 13 kwa 1 wakatoa maoni kwamba kuimega Chagos kulikuwa kinyume cha sheria na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Sisemi ni video peke yake. Hoja ya kisheria ilikuwa juu ya mipaka ya koloni na uhuru wa Mauritius. Lakini bila yule mama, kesi ingekuwa ugomvi wa serikali mbili juu ya ramani.

#9 Msitu wa Mau

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi niko Kenya, upande wa Narok. Nimesoma hii yote kimya lakini hapa lazima niingie.

Sisi tuna Waogiek. Walikwenda mpaka kwenu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, baada ya kupewa notisi ya siku 30 mwaka 2009 watoke msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Na ukisoma ile hukumu utaona utamaduni ulikuwa ndani ya kesi yenyewe: mahakama ilikubali kuwa kumtoa Mogiek msituni ni kuvunja haki yake ya dini na ya utamaduni, si ya ardhi peke yake. Mizinga, asali, mahali pa kuabudia, hayo wazee waliyaeleza, yakahesabiwa. Kwa hivyo Mjukuu wa Kilwa ninakuunga mkono.

Sasa upande wa pili. Juni 2022 mahakama ikaamuru fidia, karibu shilingi milioni 158 za Kenya, na ardhi ipimwe wapewe hati. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, hapa hapa Narok. Wameshinda kesi na bado wakalala nje. Bwana Shamba akiuliza matokeo, mimi namwelewa kabisa.

#10 Kipanga255

Duh.

#11 Bwana Shamba

Asante Msitu wa Mau kwa kusema ukweli. Haya, Mjukuu, Wachagosi wamerudi?

#12 Mjukuu wa Kilwa

Hawajarudi kuishi. Februari 2022 wachache walikwenda Peros Banhos na meli iliyokodiwa na serikali ya Mauritius, Liseby Elysé akiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza kufika bila kusindikizwa na Waingereza. Walikuta kanisa limevunjika paa, vichaka vimeingia, wakafyeka na kusafisha makaburi. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius wakasaini mkataba: mamlaka ya visiwa yaende Mauritius, lakini Diego Garcia ibaki mikononi mwa Uingereza kwa kukodishwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Mkataba unasema kwenye visiwa vingine Mauritius ikitaka inaweza kupeleka watu. Diego Garcia hapana. Yaani alikozaliwa Charlesia Alexis bado ni kambi.

Na mazungumzo ya mkataba huo yalikuwa ya serikali na serikali. Wachagosi wenyewe hawakuwa na kiti.

#13 Mbeba Mizigo UK

Hapo sasa umegusa. Mimi niko Uingereza, nafanya kazi karibu na uwanja wa Gatwick. Crawley hapa ndiko Wachagosi wengi walikohamia tangu walipoanza kupewa uraia mwaka 2002, na kazini ninao. Naomba mjue si wote wanashangilia mkataba. Wapo wanaosema Mauritius iliwabagua na kuwacheka, sasa inapewa visiwa kwa jina lao. Siku ile ya kusaini kuna kina mama wawili wazaliwa wa Diego Garcia walikimbilia mahakamani London kuzuia, ikazuiwa kwa saa chache tu, ikasainiwa. Upande wa Port Louis, kundi la Olivier Bancoult, mtoto wa yule mama Rita, liliunga mkono.

Jamaa yangu mmoja Mchagosi aliniambia kuna watu wanakuja na kamera wanataka bibi alie. Bibi akianza kusema asiyoyapenda kuhusu Mauritius, kamera inazimwa. Kwa hiyo hata hizi hadithi mnazosifu, zinachujwa. Mwenye kamera ana kesi yake.

#14 mamaShani

Si ndiyo niliyosema? Mwenyewe ashike.

#15 Mjukuu wa Kilwa

Mbeba Mizigo, ushuhuda wako ni mzito kuliko nusu ya niliyoandika. Na nadhani ndipo wasanii wengi wenye nia njema wanapokosea. Wanakuja wakitaka jamii nzima iwe na sauti moja, kwa sababu sauti moja inaingia vizuri kwenye maonyesho na kwenye ripoti ya wafadhili. Watu waliovunjwa vipande hawatoki na sauti moja. Aliyepelekwa Ushelisheli ana habari yake, aliyebaki Port Louis ana yake, kijana wa Crawley anayecheza mpira na jezi ya Chagos bila kuwahi kuviona visiwa ana yake pia. Anayechora au kuandika akizificha tofauti hizo anawarudisha kule kule kwa Gore-Booth, mtu mwingine anawaamulia wao ni akina nani.

Bwana Shamba, kuhusu mkono mtupu. Mahakama Kuu ya London iliwapa haki ya kurudi mwaka 2000. Mwaka 2004 serikali ikaifuta kwa amri ya Malkia bila kupitia Bunge. Mwaka 2008 mabwana wa rufaa, yaani majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakati huo, wakaibariki amri hiyo, watatu kwa wawili. Mwaka 2010 ikatangazwa hapo hifadhi ya bahari, kubwa kabisa kwa wakati ule, samaki wakalindwa kwelikweli. Kila walipofungiwa mlango huu, walikuwepo watu wa kugonga mwingine, na wengi wao hawakuwahi kuviona visiwa. Wamezaliwa Mauritius. Hao visiwa walivijua wapi kama si kwenye masimulizi na nyimbo za mama zao? Ndilo jibu langu. Ngoma haikurudisha ardhi, ilizalisha wadai. Deni lisilo na mdai huwa linakufa lenyewe.

#16 Bwana Shamba

Hapo nimekupata. Sijasema nimekubali yote, ila nimekupata.

#17 Olaigwanani Mdogo

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mfuatiliaji tu, sijawahi kuandika humu. Kwetu ni Ngorongoro, sehemu ya ukoo wetu wamehamia Msomera, Handeni, tangu 2022, wengine wamebaki. Sitaki kuanzisha mjadala wa nani yuko sahihi maana najua humu utafungwa. Shida yangu ni ndogo. Bibi yangu anajua nyimbo za kunyweshea ng'ombe na majina ya visima vya zamani, na hadithi za kila kisima. Amezeeka. Nina simu tu. Nirekodi nini kwanza?

#18 mamaShani

Marahaba mwanangu. Anza na yeye atakacho, si wewe utakacho. Muulize pia kipi hataki kitoke nje. Ziko nyimbo za kina mama ambazo hata mjukuu wa kiume hapewi zote.

#19 Mjukuu wa Kilwa

Marahaba kijana. Fuata alilosema mamaShani, halafu fanya haya:

Kila rekodi aanze kwa kujitaja jina, jina la baba yake na mama yake, na alipozaliwa. Wewe utaje tarehe na mahali mlipokaa. Akitaja kisima, muulize kiko upande gani wa mlima upi, nani alikichimba au alikuwa anakitunza, na mara ya mwisho yeye alinywesha pale lini, hata kama ni "mwaka wa ukame fulani". Mwache aseme Kimaasai, usimlazimishe Kiswahili. Tafsiri itakuja baadaye. Usimkatize akinyamaza. Usiweke muziki juu yake.

Ukimaliza usirushe TikTok siku hiyo hiyo. Nakala moja weka kwenye kadi, nyingine mpe ndugu anayeishi mbali na wewe, ya tatu weka mtandaoni mahali pa faragha. Kama ukoo una watu pande zote mbili, rekodi pande zote mbili, na usizichanganye.

#20 Msitu wa Mau

Na akitaja miti, muulize majina ya miti. Arusha kwetu mambo kama hayo yalisaidia.

#21 Olaigwanani Mdogo

Ashe oleng. Jumamosi naenda. Simu ina nafasi ndogo, nafuta magemu kwanza.

#22 Kipanga255

Dogo, ukipata lile la kisima cha kwanza rudi utuambie hata kama hautuwekei sauti. Bado nimo kambini.